Mwalimu, Punguza Vituo

Ratiba huwa nakabidhiwa asubuhi ileile, gari likiwa linaunguruma. Saa kumi na mbili kuondoka. Saa mbili Makumbusho ya Taifa. Saa tatu na nusu bandarini. Saa nne soko la samaki Feri, halafu kivuko, kwenda Kigamboni na kurudi. Saa sita uwanja wa ndege. Saa saba chakula. Saa nane Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama. Saa kumi ufukweni, watoto wachezee maji kidogo. Saa kumi na mbili tumesharudi shuleni. Hiyo ni siku moja, ndani ya Dar hii hii, Kosta moja, watoto wa darasa la nne na walimu watatu, mmoja wao kazi yake ni kulinda kapu la juisi.

Aliyeandika ratiba hiyo hajawahi kukaa kwenye foleni ya Tazara saa sita mchana.

Mimi ni dereva. Gari letu zamani lilikuwa na ruti, Mbagala Kariakoo, mpaka tajiri mwenye gari alipochoka kugombana na sisi kuhusu hesabu akaliweka la kukodi: harusi, msiba, kwaya, kina mama wa vikoba wakienda Bagamoyo, na shule. Shule ndizo nyingi, hasa wiki za kuelekea likizo ya Juni na ya Desemba. Mwalimu anaiona ziara ya shule yake tu, mara moja kwa mwaka, na siku hiyo ana presha. Mimi naziona za shule za kila aina, za serikali na za kulipia, na wakati watoto wako ndani mimi sikai kwenye usukani kusinzia. Naingia nao. Kwanza walimu huwa hawatoshi, pili napenda. Kwa hiyo nina la kusema, na nalisema kwa heshima zote: mwalimu, punguza vituo. Chagua kimoja.

Najua atatokea mtu aseme dereva anatetea mafuta yake. Mzunguko ukiwa mrefu bei inapanda, na mimi napata changu. Kwa hiyo hapa nasema kinyume na mfuko wangu.

Ratiba hizi naelewa zinatoka wapi. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, na tangu mwaka 2016 michango nayo imewekewa masharti. Ziara inabaki kuwa jambo la hiari, hela inatoka kwa mzazi aliyekubali, baada ya kikao, kamati ya shule, na kibali cha huko juu. Sasa mzazi akishatoa hela swali lake la kwanza ni moja: wanakwenda wapi na wapi? Ukimjibu Makumbusho, basi, anakutazama kama umemwibia. Ukimtajia sehemu saba anatulia. Halafu kuna grupu la WhatsApp. Kila kituo lazima kitoe picha, watoto wamejipanga, wafupi mbele, vidole viwili juu. Nimeshaona darasa zima limeshushwa, limepigwa picha mbele ya geti, limepandishwa, tumeondoka. Ndani hatukuingia kwa sababu muda umekwisha.

Na muda unakwisha hivi. Kushusha watoto thelathini na kitu. Kuwahesabu. Mmoja anataka kujisaidia, ukimruhusu yeye wanataka wote. Kusubiri mwalimu amalizane na watu wa getini. Kuwapanga mistari. Kuingia. Kutoka. Kuwahesabu tena, mmoja hayupo, kumbe yupo ndani ya gari amelala tangu kituo kilichopita. Ukijumlisha, katika saa nzima ya ratiba mtoto ametazama kitu dakika kumi, na dakika hizo kumi alikuwa nyuma ya kisogo cha mwenzake.

Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert ni mfano mzuri kwa sababu karibu kila shule inakwenda. Jengo la kwanza ni la mwaka 1940, la Waingereza. Ndipo yalipo mambo ya Zinjanthropus, fuvu alilolipata mtafiti Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, la miaka milioni 1.75 iliyopita. Jina hilo watoto wanalijua kwa kukariri, linatoka mdomoni kama wanakula muwa. Kwa ratiba ya vituo saba wanapita mstari mmoja, mkono begani kwa aliye mbele, mwalimu anasema, "Hilo ndilo fuvu, andikeni." Wanaandika. Siku moja nilichungulia daftari la kijana aliyekaa siti ya nyuma yangu. Lilikuwa limeandikwa hivi: Fuvu. Samaki. Gari la Nyerere. Choo.

Sasa shule nyingine, ya huku huku Temeke, ilikuja hapo asubuhi nzima na haikuwa na pengine pa kwenda. Mwalimu wao aliwapa sharti moja tu. Kila mtoto achague kitu kimoja, akae nacho, akichore, halafu aulize swali moja ambalo jibu lake halijaandikwa kwenye kibao. Hilo la kibao lilikuwa la maana, maana watoto wetu kwa kunakili vibao hawajambo. Binti mmoja alichora meno ya yule Zinjanthropus, magego tu, yalivyo makubwa. Akawa anajigusa magego yake kwa kidole, anachora, anajigusa. Halafu akamuuliza mwelekezaji, "Alikuwa anatafuna nini?" Yule kaka wa makumbusho, ambaye nilishamwona mara nyingi akitoa maelezo yake kwa sauti ya kuchoka, alichuchumaa. Akamweleza kwamba zamani wataalamu walidhani ni njugu ngumu, ndiyo maana ya meno yale, lakini baadaye wakapima kemikali iliyobaki kwenye meno wakaona alikula sana nyasi na mimea ya jamii ya ndago. Mtoto akasema, "Kama ng'ombe?" Kaka akacheka, akasema taratibu, kwa namna fulani. Wakaendelea hapo mpaka watoto wengine wakasogea.

Mimi hapo kwangu ni magari. Lipo Rolls-Royce alilotumia Mwalimu Nyerere, na mtu wa usukani akilisimamia hilo hataki kuambiwa habari za fuvu. Kila nikienda lazima niliage.

Lakini ziara iliyonifanya niandike haya ilikwenda Mlandizi, kwenye mtambo wa maji wa Ruvu Juu. Nilipotajiwa nilidhani mwalimu amekosea. Mlandizi? Watoto wakaone mabomba? Mwalimu wa sayansi, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kusimamisha gwaride, aliniambia, "Baba Nasra, wewe endesha tu." Nikaendesha.

Kumbe alikuwa ameshaanza darasani siku nyingi. Alileta maji ya mtaro kwenye ndoo, yale ya rangi ya chai ya maziwa, akayagawa kwenye chupa zilizokatwa. Chupa moja akaiacha ilivyo. Ya pili akatia shabu iliyopondwa. Watoto walipoiona shabu wakapiga kelele, "Hiyo ya kinyozi!", maana kila mtoto wa kiume wa Temeke ameshapakwa shabu kisogoni baada ya kunyolewa. Ya tatu akatia unga wa mbegu za mlonge, dawa ya bibi zetu. Wakakaa wakitazama. Tope likaanza kushikana vipande vipande, kama maziwa yanapokatika, vikashuka chini, juu pakabaki peupe. Chupa ambayo haikutiwa kitu ilikuwa bado chai. Kisha akawakataza kunywa hata ile safi, akawauliza kwa nini. Hapo akaacha, hakuwapa jibu. Jibu wakalitafute Mlandizi.

Kwa hiyo watoto walipopanda gari langu walikuwa na deni. Unalisikia hilo kwenye gari, nawaambia. Gari la vituo saba lina nyimbo na vurugu mpaka saa tano, halafu linalala. Hili lilikuwa na ubishi. Tulipopita Kimara mwalimu aliwaonyesha upande yaliko matangi, akawaambia maji tunayoyafuata yanateremkia hapa, sisi tunapanda yalikotoka. Kuanzia hapo kila kilima wanauliza kama bomba limepanda lenyewe. Mbezi, Kibamba, Kibaha, mpaka Mlandizi, hakuna aliyelala.

Pale mtamboni walipokelewa na fundi, mtu wa makamo, bila haraka. Akaanzia mtoni. Ruvu inatoka milima ya Uluguru kule Morogoro na inakwenda kuingia baharini upande wa Bagamoyo, na njiani Dar inaichota mara mbili, hapo Ruvu Juu na kule chini Ruvu Chini. Mtambo huu uwezo wake ni lita milioni 196 kwa siku, ule wa chini milioni 270. Watoto namba kubwa haziwaingii, hata mimi haziniingii, lakini mmoja akauliza ni ndoo ngapi. Mwalimu akasema toa wewe jibu, ndoo ni lita ishirini. Wakagawa pale pale kwenye vumbi kwa kijiti: ndoo milioni tisa na laki nane, mtambo mmoja, siku moja. Mama wa ndoo wote wa Dar hawafiki huko.

Halafu wakaonyeshwa maji yakivutwa, yakichujwa magogo na takataka, yakitiwa dawa ya kugandisha tope, yakiachwa yatuame kwenye matangi mapana. Hapo darasa zima likasema shabu. Fundi akashangaa. Akawaambia kazi ni ileile, na akataka kujua wameijulia wapi, wakamweleza habari ya chupa wote kwa wakati mmoja. Kutoka hapo yanapita kwenye mchanga, na mwisho kabisa yanatiwa klorini. Binti mmoja akaruka, "Ndiyo maana hatukunywa! Hayakuwa na klorini!" Deni likalipwa hapo. Mwalimu hakusema kitu, aliitikia kwa kichwa tu, lakini nilimwona.

Waliuliza na mwaka 2022, ule wa mgao, mto ulipopungua kwa ukame na mji ukakaa na madumu. Fundi akawaonyesha kwa mkono kina cha kawaida na kina cha wakati ule. Kijana mmoja wa Mbagala akasema kwao maji ni ya kisima, hayahusiani na mto. Fundi akamwambia ni kweli, upande wa kusini wa jiji kuna visima virefu vya Kimbiji, akamuuliza: na kisima kinapata wapi maji? Kijana akanyamaza, wakati wa kurudi akaja amekaa peke yake dirishani. Tulirudi saa tisa, mapema, foleni ya jioni bado. Hiyo ni faida nyingine ya kituo kimoja.

Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko zile ratiba za vituo saba, na walibaki na hela ya kuwachukua watoto ambao wazazi wao hawakuwa nacho. Hili la wanaobaki walimu hawapendi kulizungumza. Asubuhi ya ziara getini huwa wapo, wamevaa sare, wamekuja shule kama kawaida, wanatazama gari linaondoka. Kituo kikiwa kimoja na cha karibu, wanapungua.

Kuna kitu kingine, vilabu. Siku hizi mtoto akichelewa kurudi nyumbani majirani wanajua ni tuisheni. Darasa la nne lina upimaji wa taifa, la saba lina mtihani wake, basi kila saa ya ziada inamezwa na maswali ya kuchagua. Lakini shule zenye klabu hai, iwe Skauti, iwe Malihai ya wanyamapori, iwe ya mazingira, utawatambua watoto wao wakishapanda tu. Wamekuja na jambo. Ile Roots & Shoots ambayo leo ipo nchi nyingi ilianzia hapahapa Dar mwaka 1991, vijana 12 wa sekondari waliokwenda nyumbani kwa Jane Goodall, yule mama wa sokwe wa Gombe, na maswali yao. Klabu moja ya mazingira niliipeleka msitu wa Pugu wakashinda kwenye kipande kidogo tu cha msitu, wanalinganisha majani. Pango la popo la yale machimbo ya zamani ya kaolini waliomba wenyewe kulichungulia, wakatoka wamebana pua. Klabu inakwenda kutafuta kitu, na ikikipata inarudi.

Treni ya SGR nayo, tangu ianze kwenda Morogoro Juni 2024, imeninyang'anya shule kadhaa zenye uwezo. Siwalaumu. Hapo safari yenyewe ndiyo kituo.

Sasa niwape ziara bora ya binti yangu, ambayo mimi na Kosta yangu hatukuhusika hata kidogo. Darasa la tano walikwenda Keko kwa miguu. Keko kwa mafundi seremala, makochi na vitanda vimepangwa mpaka kwenye lami. Mwalimu wa hisabati alikuwa anafundisha vipimo, watoto wana rula zao za sentimita, akawapeleka wakapime vitanda. Wakakuta Keko hakuna sentimita. Fundi anaongea futi na inchi: nne kwa sita, tano kwa sita, sita kwa sita. Wakamuuliza inchi moja ni sentimita ngapi, akawaambia mbili na nusu, tangu azaliwe anajua hivyo. Mwalimu akasema kitabu kinasema 2.54. Fundi akasema hiyo point zero nne haina kazi.

Basi wakapiga hesabu. Futi sita ni inchi 72. Kwa hesabu ya fundi ni sentimita 180. Kwa hesabu ya kitabu ni 182.88. Karibu sentimita tatu zimepotea. Fundi akazipima kwa vidole, akafikiri, akasema ndiyo, hizo tatu ndizo zinazofanya godoro la kiwandani ligome kuingia kwenye kitanda cha fundi mjanja. Binti yangu alivyorudi nyumbani alipima kitanda chetu, meza, mlango, na mimi mwenyewe nikiwa nimelala. Mama yake akamwambia mlango uache, baba yako mpime vizuri, nadhani anapungua.

Bei ya ziara hiyo ilikuwa soda ya fundi.

Mkiamua kukodi gari, basi, nina maombi ya kidereva. Orodha ya majina iwe na mtu mmoja, asiwe na kazi nyingine. Mtoto anayetapika akae mbele, na ndimu mkononi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo njooni na ndoo ndogo yenye mfuniko, msinitegemee mimi. Biskuti za krimu asubuhi hapana. Na mwalimu mmoja akae nyuma kabisa, kwa sababu mambo yote ya ndani ya basi la shule yanatokea siti ya nyuma, mbele wanakaa wale ambao hawana shida hata wakiwa darasani.

Yule mwalimu wa sayansi wa Mlandizi amenipigia juzi. Watoto wake walipomaliza habari ya maji yanakotoka, mmoja akauliza yakishatumika bafuni na chooni yanakwenda wapi. Darasa limegawanyika, wengine wanasema baharini, wengine wanasema yanazama ardhini. Wengi wetu Temeke tuna mashimo, na shimo likijaa linakuja gari la kunyonya. Sasa mwalimu anataka wakaone gari hilo linakomwaga, kwenye mabwawa ya majitaka Vingunguti. Anauliza kama nitapeleka Kosta. Nimekubali. Tajiri bado sijamwambia ni wapi, nimemwambia ni ziara ya sayansi. Konda, nilipomtajia Vingunguti, alikaa kimya kidogo, akaniuliza ni tarehe ngapi, akasema basi siku hiyo ana msiba.